Shuka Kwenye Seng'enge

Gatongora, Ruiru
6 Machi 1955

Kwa dada yangu Nduku,

Salamu nyingi. U hali gani huko Thika, na Mbaluka na watoto? Tangu tuache kuchuma kahawa pamoja sijapata mtu wa kunichekesha. Sisi tupo, ila kijiji hiki tulimorundikwa na serikali hakizoeleki. Mume wangu Gerishon bado yuko kizuizini.

Mimi naumwa, wala sijui ni nini. Nikilala, joto linapanda kutoka kifuani hadi kichwani, naloa jasho chapachapa, kisha baridi inanishika. Usingizi ukishakatika ndio basi. Nimemeza kwinini hadi masikio yanavuma. Mwezi wangu nao huja ukipenda. Mchana tunachimba mtaro, na mimi nasinzia nimeshika jembe. Au nimerogwa?

Dada yako,
Wamboi

Thika
19 Machi 1955

Mpendwa Wamboi,

Barua imefika, nasi tu wazima, tumshukuru Mungu. Hujarogwa, mama. Unazeeka tu, karibu. Mimi yalinishika mwaka juzi, Mbaluka akahamia kulala na watoto akisema kitanda kimekuwa mto Chania. Joto hilo bado hunitembelea. Ni damu inayoaga.

Kwinini acha. Dawa siijui, aliyeniuzia mizizi aliniuzia kuhara. Fua shuka asubuhi, uianike, ulalie kavu. Hilo tu ndilo lililonifaa. Yatapita, lakini sikudanganyi kwamba ni upesi.

Dada yako,
Nduku

Gatongora
2 Mei 1955

Nduku dada yangu,

Hamjambo? Mimi sijambo ya mdomoni tu.

Shuka nimekuwa nikiifua kila yanaponishika, naianika kwenye seng'enge kwa kuwa hakuna mahali pengine. Sasa Wainaina, kijana wa homgadi, hao walinzi wa serikali hapa kijijini, ameniita. Anasema siku nyingine shuka ipo, siku nyingine haipo, basi ni ishara kwa watu wa msituni. Alinisimamisha mbele ya wenzake: "Mama, wewe huna mtoto mchanga. Shuka unafua ya nini?"

Wainaina alitahiriwa pamoja na mwanangu Gichuru. Kwa hiyo naye ni mwanangu. Mama atamwelezaje mwanawe habari za mwili wake, tena mbele ya vijana wanaocheka? Nilisema napenda usafi. Hata mimi nilisikia uongo ule ulivyokaa vibaya.

Sasa sianiki, nalalia mbichi. Joto likianza nalia kabla halijafika. Wamenipa hadi Jumatatu niseme ukweli, na ukweli ndio huo nisioweza kuusema. Naogopa, Nduku.

Dada yako,
Wamboi

Thika
6 Mei 1955

Wamboi,

Natumai barua hii itakukuta salama. Usiseme lolote. Nakuja mwenyewe. Mimi si mama yake Wainaina, nitasema. Ruhusa ya kuingia kijijini kwenu nimeshaiomba.

Dada yako,
Nduku

Thika
24 Mei 1955

Mpendwa Wamboi,

U hali gani? Nauliza, ingawa sijui kama huko kambini utapewa barua hii.

Ruhusa ilichelewa. Nilifika nikakuta wameshakuchukua, mlango wako umepigiliwa misumari. Nilimtafuta Wainaina nikamwambia yote, bila kuficha neno. Alisikiliza akitazama viatu vyake. Kisha akasema, "Kumbe ndiyo maana mama yangu naye huanika."

Nilidhani mambo yamekwisha. Lakini akasema jina lako limeshakwenda kwa Bwana D.O., mkuu wa tarafa, na yeye Wainaina hawezi kusimama mbele ya Mzungu kumsimulia jasho la mama. Nikaenda mimi. Askari wa mlangoni alitaka kwanza nimweleze shida yangu. Nikamweleza. Alicheka, akawaita wenzake wacheke, wakanirudisha.

Shauri la kuanika nilikupa mimi. Sina la kukufanyia tena, dada yangu, na inaniuma.

Nasikia huko mnalala mmebanana, mlango umefungwa kwa nje. Jana usiku joto lilinipanda, nikatoka nikasimama kwenye upepo. Nikaona haya, nikarudi ndani.

Dada yako,
Nduku