Pumba Zilizopanda Darini

Riziki mjukuu wangu,

Shikamoo yako imefika hapa Msambweni, marahaba. Babu yako hajambo, na dada yako amejifungua salama, alhamdulillahi.

Wauliza kwa nini kuku wako huko Samburu wanadonoa chakula kisha wanakiacha, nawe umekinunua kingi. Miaka ile ya uhuru yalitupata hayo hayo. Mavyaa wangu, mamake babu yako, alikuwa akiweka mahindi darini, juu ya moshi wa meko, yasibunguliwe. Tulipopata magunia ya pumba akayapandisha huko huko. Kuku wakazisusa pumba, mayai yakakatika. Majirani wakasema tumerogwa.

Mavyaa alichota pumba akatia kinywani.

"Onja nawe, mwanangu."

Zilikuwa chungu, kama mafuta ya nazi yaliyochacha. Akashika punje ya hindi, akaigeuzageuza.

"Hii ina ngozi yake. Pumba ziko uchi, joto limeziingia."

Tangu hapo tukawa twasaga mahindi kidogo kidogo, na pumba zikakaa chumba cha baridi, juu ya mbao.

Stoo yako ni ya mabati, sivyo? Kabla hujamwita mtu wa dawa, onja chembe, kisha uteme. Kuku wako walishaonja, wanakungoja wewe.

Nyanya yako