Jina Nililolitaja Kanisani

Mpendwa mwenzangu,

Sijui barua hii itakufikiaje. Anuani yako sina, na hata ningekuwa nayo nisingethubutu kuiandika juu ya bahasha. Ndiyo maana nimeiacha wazi, aisome yeyote. Wewe ukiiona utajijua. Jina lako halimo, wala kwenu ni wapi, wala somo ulilokuwa unafundisha.

Unaikumbuka ile nyumba ya walimu Kitahana? Vyumba viwili, bati linalovuja upande wako, na mlango wa nyuma usiofunga mpaka uupige teke. Uliletwa pale mwaka 2012 na begi moja na sufuria tatu, ukaniuliza kama kuna umeme, nikacheka mpaka ukanuna. Wiki ya kwanza ulikataa ugali wa muhogo, eti unanuka. Wiki ya tatu ulikuwa unaumega kabla sijanawa mikono. Ulisema Kiswahili changu kinapanda na kushuka milima kama baiskeli ya muuza ndizi, na wewe ulipojifunza "Mwakeye", salamu yetu ya asubuhi kwa Kiha, ukawaamkia nayo majirani mpaka jioni, wakacheka wao. Tulikuwa na furaha. Nasema hivyo bila kuzunguka, kwa sababu kwa muda mrefu nilijikataza kulisema. Tulipendana. Mvua ikinyesha ulihamia chumbani kwangu, na ilipokoma hukurudi kwako.

Lakini mimi nilikuwa mtoto wa waliookoka. Mama yangu ndiye aliyeanzisha nyimbo katika ushirika wao. Siku moja ulisimama nje ya dirisha la kanisa ukamsikiliza, ukaniambia mama yangu ana sauti ya kumfanya mtu akiri hata asichofanya. Ulikuwa unatania, ila ndivyo ilivyokuwa. Mwenye dhambi husimama mbele ya ndugu akaitoa yote, na akimaliza mama anaanza wimbo, watu wanakuja kumkumbatia. Asipoitoa yote, hakuna anayemgombeza. Wananyamaza tu. Nimewahi kumwona mzee mzima akisimama katika ukimya ule mpaka akamkumbuka mbuzi aliyemwiba ujanani.

Mwaka 2013 yakaja mahubiri ya wiki nzima, na mhubiri akatusema watu kama sisi kila siku, kana kwamba wilaya nzima haina dhambi nyingine. Niliacha kula. Nilikuwa nakutazama unasahihisha madaftari, naona moto. Jumapili ya mwisho asubuhi ulikuwa umechuchumaa unapuliza jiko la mkaa, nikakuambia naenda kutubu. Hukuinua kichwa.

"Sema lako," ulisema. "Langu niachie."

Nikakuahidi.

Na kweli nilisema langu. Nilisimama mbele yao nikasema nimempenda mwanamke na nimelala naye, kisha nikasubiri mama aanze. Hakuanza. Alikuwa benchi la mbele, kitenge begani, mikono mapajani, ananitazama kama mtu anayesubiri chai ichemke. Kanisa zima kimya. Nataka ulijue hili, mwenzangu, maana nimewaambia watu wengine kwamba walinilazimisha, na si kweli. Hakuna aliyeniuliza ni nani. Mimi nilitaka wimbo. Nilitaka mama yangu aniimbie. Nikakutaja, majina yote mawili, na shule nikaitaja, na mama akaanza kuimba kabla sijafunga mdomo.

Alinikumbatia akaniambia kwa Kiha kwamba sasa nimekuwa mweupe. Nililia kwa raha. Kwa raha, hebu fikiria.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Jumanne wazazi walijaa shuleni. Mwalimu mkuu alikuita ofisini, ukatoka umeandika kwa mkono wako barua ya kuacha kazi. Mimi nilibaki na kazi yangu, kwa kuwa nilikuwa nimetubu. Ulifunga godoro kwenye baiskeli ya kukodi ukaelekea Kibondo kutafuta basi. Nilikuwa darasani nafundisha ngeli, nimeipa barabara mgongo. Kengele ya baiskeli niliisikia ikipita, na sikugeuka.

Walinihamishia benchi la mbele, kando ya mama. Nilidhani sasa nitapata amani, kumbe mwili umeanza kunigomea. Wanafunzi wakiimba mstarini naenda kutapika nyuma ya vyoo. Nikisikia mtu anavuta pumzi ili aanzishe wimbo, hata wa arusi, natoka mbio. Mwaka 2014 niliacha shule, nikapata kazi ya kufundisha akina mama kusoma na kuandika kambini Nyarugusu, nikapanga chumba Kasulu. Siku ya tatu kikao kilifunguliwa kwa sala na wimbo. Nikaanguka.

Aliyeninyanyua ni mama mmoja Mkongomani, mkimbizi mwenyewe, aliyekuwa amefundishwa kazi ya ushauri nasaha. Tangu hapo nilikwenda kwake kila Jumatano, kwenye kijumba cha maturubai ambacho mvua ikinyesha hamsikilizani. Mwanzoni nilimdanganya, nikamwambia habari za mwanaume. Aliniuliza jina lake. Nikasema hilo sitalitaja. "Basi tumwite nani?" akauliza, nikajibu "mwenzangu," na kwa miezi ndivyo tulivyokuita. Siku nilipomwambia mwenzangu ni mwanamke nilitazama mkoba wake, nikijua atatoa Biblia. Akatoa chupa ya maji, akanimiminia.

"Ile haiko zambi, mama," aliniambia kwa Kiswahili cha kwao. "Ile njo mapendo. Zambi ni vile balikuumiza."

Sikumwamini. Nilimsubiri achoke nami. Hakuchoka. Aliniandikisha kwenye daftari kila neno baya nililojiambia kwa siku, kisha tunasoma moja moja, ananiuliza hili ni la nani. Hili la mhubiri. Hili la mama. Hili la mama. Kidogokidogo nikaanza kuyarudisha kwa wenyewe. Alinipeleka kusimama mbali na kanisa moja la kambini wakati wa mazoezi ya kwaya, miguu miwili chini, nihesabu miti ninayoiona mpaka pumzi irudi. Safari iliyofuata tukasogea. Leo naweza kukaa ndani ibada nzima nisitapike. Naweza kusema nampenda mwanamke, nisione moto. Sikutegemea kabisa, na ningependa kukuambia kwamba nina furaha.

Lakini daftari lilikuwa na sentensi moja tuliyokosa mwenyewe wake. Ilisema: nimemuuza. Nilimweleza kama nilivyokueleza wewe, kwamba nilitaka wimbo. Alikaa kimya muda mrefu. Ukimya wake haukuwa wa kunivuta maneno, alikuwa ananihurumia tu. Mwisho akasema, "Ya kanisa tutaitoa. Hiyo ingine siwezi kukutolea, mama. Hiyo ni ya kuomba yeye mwenyewe."

Ilinichukua miezi kuipata namba yako, kwa mwalimu mmoja wa zamani ambaye simtaji naye. Mwaka huu, 2015, Jumamosi mchana, nilisimama nyuma ya duka Kasulu nikapiga. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilijiandaa hata kwa kilio chako. Ulisema "Haloo," sauti ileile, nikakutajia jina langu. Huko kwako nikasikia sahani zinaoshwa, na mtu mzima akikuuliza ni nani huyo.

"Umekosea namba, mama," uliniambia.

Mama! Kwa adabu, kama unavyomjibu mtu usiyemjua. Kisha ukakata.

Sina wa kumpelekea hili. Warundi wameingia kambini kwa wingi, na mshauri wangu ana foleni ya wanawake kuanzia alfajiri, wengine hawajavaa hata kandambili. Nilimwachia Jumatano yangu mwenyewe, maana nilipoiangalia foleni ile niliona aibu. Mama yangu bado yuko Kitahana, ananiombea mume. Nikienda kumsalimia ananishika mkono ananiambia Mungu amenifuta machozi, na mimi namjibu ndiyo, mama, kwa sababu amezeeka. Nikirudi chumbani Kasulu nakaa kitandani na viatu miguuni mpaka giza linaingia. Walichonifanyia nimetibiwa. Nilichokufanyia kipo palepale, na kadiri ninavyopona ndivyo ninavyokiona vizuri zaidi. Nilipokuwa mgonjwa walau nilikuwa na wa kumlaumu.

Nisamehe. Sitegemei jibu, na sitapiga tena, namba nimeifuta. Nilichelewa kuelewa kwa nini ulijibu vile. Pale kwako kuna watu wanaokupenda bila kujua, nami nilitaka kukuingilia mlangoni ili tu nipate kupumua, kama nilivyofanya siku ile.

Kaa salama hapo ulipo, mwenzangu. Ule ushibe, ulale, ucheke na unaocheka nao. Na mtu yeyote akikuuliza kama uliwahi kunijua, mjibu hivyohivyo ulivyonijibu mimi.

Ni mimi,
mwenzako wa nyumba ya walimu