Pua ya Baba

Jumamosi. Mawingu tangu asubuhi, nepi hazikauki.

Mnisamehe wasomaji wangu, nimekaa kimya mno. Mtoto hanipi usingizi, na mchana nimegeuka mlinzi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Namlinda Kabula, mdogo wangu, aliyetoka Sibwesa kuja kunisaidia kulea.

Kwanza kioo changu kilihamia chumbani kwake. Kisha ikawa haendi hata sokoni Majengo bila barakoa. "Mafua, dada." Mafua gani hayana chafya?

Juzi simu yake iliita akiwa anaoga, nikapokea. Ni daktari wa Dar, wa kupasua pua. Akadhani mimi ndiye ndugu ambaye Kabula alimwahidi kuwa ataongea naye. "Wewe pua yake unaionaje?"

"Ni ya baba," nikamjibu. "Inapumua vizuri."

Hakucheka. Akasema hatampasua. Kabula anaona kasoro ambayo sisi hatuioni, inamla mawazo kutwa nzima. Hata akibadilishwa pua leo, kesho ataona kasoro nyingine. Ni ugonjwa, unatibika, ila si kwa kisu. Aonane kwanza na daktari wa afya ya akili. "Nilishamwambia," akasema.

Mimi Kabula alikuwa ameniambia daktari amekubali kumpasua.

Sasa kuna mwingine Kabula anachati naye, eti naye ni daktari. Huyo hajauliza swali hata moja. Njoo tu Dar, njoo tu. Huyo ndiye namwogopa.

Leo nimetoka kuanua nguo, nikamkuta amempakata binti yangu, vidole vinateleza mafuta, anambana pua. Huku kwetu nani hajamvuta mtoto pua ili inyooke? Hata mimi nilimvuta kidogo alipozaliwa. Lakini huyu alikuwa analia, pua imekuwa nyekundu, na Kabula haachi.

"Namuwahi, dada. Nyie wote mama aliwavuta, mimi akaniacha kwa vile aliugua. Asije akateseka kama mimi."

Kumbe ndipo alipokwama.

Nikamchukua mtoto. "Pua ya huyu usiiguse tena. Na Dar huendi." Akaanza kulia, nikamvuta kwangu kwa mkono uliobaki. Wakanilowesha wote wawili.

Jumatatu nampeleka hospitali, kwa daktari wa aina ile aliyotajiwa. Ameitikia kwa kichwa. Kichwa chenyewe sikiamini, begi lake nimelilalia mimi.

Kaka, najua huko Sibwesa unanisoma. Bado nahitaji unitumie: kadi ya bima ya Kabula, aliisahau kwa mama. Sauti ya mama mwenyewe, aseme alimvuta pua au hakumvuta. Kama hakumvuta aseme hivyo hivyo, asimdanganye, Kabula ameshadanganywa na kioo. Na ile picha ya baba anacheka, kofia mkononi, pua yote nje.