Bilauri Yenye Ufa Kifuani mwa Swaibu

Jumanne, 10 Februari. Mafubira, Jinja.

Asubuhi kavu. Jua limechomoza na kukuta vumbi liko hewani tayari, na upande wa mto hakuna upepo hata kidogo.

Ninaogopa. Naliandika neno hilo kwanza, lisije likajificha katikati ya mengine.

Keshokutwa, Alhamisi, mdogo wangu Swaibu anapanda ndege kwenda Slovakia kucheza mpira. Anaishi Namatala, kule Mbale, kwa Mjomba Wafula, kaka yake mama, ambaye ni askari wa magereza na ndiye kocha wa timu ya mtaa. Watu wote humwita Afande, hata mama aliyezaliwa naye tumbo moja. Wakala mmoja alikuja, akamtazama Swaibu akicheza, akasema klabu iitwayo Sklár Hronava inamhitaji. Daraja la pili, mshahara, chumba chenye joto. Ng'ombe wa mjomba wameshauzwa kulipia safari.

Jumapili nilikwenda Mbale kumuaga. Nilichokiona ndicho kinachoninyima usingizi.

Kwa Wagisu, watu wa mama, kijana anayekwenda kutahiriwa hupakwa unga wa ulezi uliokorogwa na chachu ya pombe, akatembezwa kwa ndugu akicheza. Akishapakwa hakuna kurudi nyuma. Anayekimbia hutafutwa, na jina la mwoga humfuata mpaka kwa wajukuu. Swaibu hakupitia hayo. Sisi ni Waislamu kwa baba, kwa hiyo alitahiriwa hospitali akiwa mchanga, na vijana wa Namatala hawajamsamehe. "Wewe ulikatwa ukiwa umelala!" humwambia kila akikosa goli.

Basi mjomba akaamua kwamba safari hii ndiyo itakuwa tohara yake.

Walimsimamisha uani mbele ya majirani wote, amevaa jezi ya bluu aliyoletewa na wakala. Mjomba akachota unga kwa viganja viwili, akampaka kuanzia utosini. "Simama! Hapana pepesa jicho! Wewe mtoto ya dada yangu, hapana aibisha mimi huko kwa wazungu!"

"Afande, huyo akiona barafu atalia!" akapiga kelele jirani mmoja, watu wakacheka.

Swaibu hakucheka. Unga ulimtiririka mpaka kifuani, ukafunika nembo ya jezi. Nilimfuta kwa kidole gumba, nikaona bilauri ya kioo, na mstari mwembamba unaoikata kutoka mdomoni hadi kitakoni. Nikadhani fundi amekosea uzi.

Hakuna aliyekosea uzi.

Leo dukani Nalufenya wateja walikuwa wachache. Nauza misumari na rangi, na rangi haina haraka. Nikakaa nyuma ya kaunta nikisoma historia ya klabu hiyo, simu ikinitafsiria. Nilianza kwa kutafuta uongo. Nilidhani nitakuta hakuna klabu yenye jina hilo, nimpigie mjomba, mambo yaishe. Lakini klabu ipo, na historia yake imeandikwa kwa upendo mwingi na mashabiki wenyewe.

Ilianzishwa na wafanyakazi wa kiwanda cha vioo. Sklár maana yake mtengeneza vioo. Uwanja wao wa kwanza ulitandazwa majivu ya tanuri, hata wake zao wakawa wanamjua aliyeanguka sana kwa weusi wa magoti yake. Serikali ya kikomunisti ilipokuja ikawapa jina jingine. Ilipoanguka wakarudisha la zamani, kisha tajiri wa magodoro akawalipa wavae jina lake. Nilicheka peke yangu pale dukani, halafu nikaogopa tena.

Maana baadaye kiwanda kilizimwa. Mwenye klabu akaiuza nafasi yake kwenye ligi kwa mji wa jirani. Wachezaji wakahamia huko, na huko nembo ni tai. Pale mjini Hronava nyasi zikaota mpaka langoni. Ndipo mashabiki wakaifufua klabu wao wenyewe, jina lilelile, uwanja uleule, wakianzia daraja la mwisho kabisa. Kwenye nembo wakachora ufa juu ya bilauri, wasisahau. Golikipa wao ni fundi bomba. Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu, na siku ya mechi ndiye anayechoma soseji. Halipwi mtu. Wachezaji wenyewe ndio wanaolipa ada.

Hiyo ndiyo jezi aliyovaa mdogo wangu.

Ningepaswa kuhisi mapema. Baba alichezea timu ya kiwanda cha nguo hapa Jinja. Mashine ziliponyamaza, timu iliendelea kutajwa redioni kwa muda, na baba alirudi nyumbani na viatu vya mpira mkononi bila hata nauli. Nimekua nikijua kwamba jina la timu linaweza kuendelea kutembea baada ya kiwanda kilichoilisha kufa. Wakala hakulijua hilo. Au alilijua vizuri sana, na ndilo linalonitisha zaidi.

Mama Hadija, jirani yetu hapa Mafubira, ana mwana aliyeondoka hivihivi kwenda kucheza nchi za baridi. Siku hizi humpigia mama yake kwa namba ngeni, haombi kitu, hasemi yuko wapi. Mama Hadija anasema humsikia akipumua tu.

Magharibi nilimpigia Swaibu.

"Swaibu, unajua hiyo klabu ni ya nani?"

"Dada, usinifanyie mtihani. Nanuka kama mtungi wa pombe. Afande amekataza nisioge mpaka Alhamisi."

"Wachezaji wao hawalipwi. Wanalipa wao."

Nilisikia redio ya mjomba ikisoma habari chumba cha pili. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Najua."

"Tangu lini?"

"Jumamosi. Nilimuuliza wakala kuhusu ule ufa, akasema kiwanda kilikosea. Nikatafuta mwenyewe."

"Jumamosi! Na Jumapili ukakubali kupakwa?"

"Banange, dada, watu walikuwa wameshaitwa. Ng'ombe walishaondoka. Ulitaka nikimbie?"

"Pasi yako ya kusafiria iko wapi?"

"Anayo wakala. Atanipa uwanja wa ndege." Halafu, kama mtoto, "Dada, wewe ungekimbia?"

Nikamwambia ale, alale.

Mama ananiuliza kwa nini uso wangu umekauka hivi. Nimemwambia ni vumbi. Hawezi kusoma haya. Kiswahili nilikipata sekondari ng'ambo ya mpaka, na kwa mama hii ni lugha ya askari na vizuizi vya barabarani. Ndiyo maana naweza kuandika hapa kwamba namwogopa kaka yake. Nilipokuwa mdogo nikisikia buti zake mlangoni niliingia chini ya kitanda, na hakuwahi kunigusa hata kwa kofi. Ni sauti tu.

Lakini nimelipanga jambo hili kama ninavyopanga rafu za duka, kila kitu mahali pake. Wakala hatasema ukweli. Swaibu hawezi kusema, kwa sababu kijana aliyepakwa akisema "siendi" amekimbia, hata akiwa na sababu mia. Mama akisema, yeye na Swaibu wataitwa waoga wawili. Anabaki aliyempaka. Mjomba alimpaka mbele ya watu, na ni yeye peke yake anayeweza kumsafisha na watu wakanyamaza.

Kwa hiyo kesho sifungui duka. Nitakwenda Mbale kwa gari la kwanza, nimkute mjomba kabla hajaenda kazini. Nitamwambia habari za Hronava. Sitaanza na wakala, nitaanza na majivu ya tanuri na magoti meusi, maana mjomba anapenda mpira kuliko anavyopenda cheo. Nitamwambia kwamba watu wale walirudi daraja la mwisho majirani wakiwacheka, wakakubali kuchekwa, wakauchora ufa wao kifuani kila mtu auone. Wala hakuna anayewaita waoga.

Je, atanisikiliza mpaka mwisho? Au atasema "Simama!" na mimi nisimame, nisiweze kuendelea?

Sijui. Nitavaa nguo niliyovaa kwenye maziko ya baba. Ndani yake sijawahi kutetemeka.

Naongeza asubuhi, kiatu kimoja kikiwa mguuni: nilipata usingizi saa tisa kasorobo. Nilipoamka nilikuta ujumbe wa Swaibu, ameutuma saa ambayo nilidhani ni mimi tu niliye macho.

"Dada, njoo na sabuni."