Kivinjari Kinachotaka Jina Langu

Jumanne, 4 Juni 2024
Nimerudi hapa kambini Nakivale kutoka hospitali, Mbarara. Daktari, kijana mpole, aliniambia kwa Kiswahili chake cha Uganda: mzee, moyo imechoka, kula dawa, lakini mambo ya mwaka kesho usipange. Nikamshukuru.

Apolline, jirani yangu, sijamwambia. Nakiri hapa tu — naogopa atalia, nami sina nguvu za kumfariji mtu.

Njiani, Rwekubo, nilinunua simu iliyotumika. Ya kugusa. Sijui nimeinunua ya nini.

Jumatano, 5 Juni
Simu imejaa, ina nafasi ya kivinjari kimoja tu. Viwili nimevipima asubuhi nzima. Cha kwanza hakiulizi kitu: unasoma habari, unafunga, kinasahau. Cha pili kimepanga Facebook na WhatsApp pembeni mwa ukurasa — unasoma gazeti huku ujumbe unaingia. Lakini kinataka kuunganishwa na akaunti, na akaunti inataka jina.

Nimechukua cha kwanza. Tangu nikimbie Gitega, Burundi, mwaka wa machafuko, 2015, jina langu kamili sijalitoa nje ya ofisi za kambi. Hapa mimi ni Mwalimu, basi.

Alhamisi, 6 Juni
Apolline kaleta uji. Ni mtu wa Uvira, Kongo, anauza vitenge kwa simu, mambo haya anayajua. Akatazama kivinjari changu, akacheka.

"Papa Mwalimu, hii navigateur yako ni nyumba haiko na mulango. Batu batakuingilia wapi?"

Nikasema sitaki waingie. Kuna watu walionitafuta.

"Banani banakutafuta mpaka leo? Banashazeeka nabo, meno inashatoka. Batapanda basi mpaka Nakivale juu ya weye?"

Nilicheka hadi nikakohoa. Akanishika mgongo. Kisha akauliza taratibu: na wale wanaokutafuta kwa mapendo?

Nikamalizia uji. Mke wangu alifariki kabla ya yote haya. Binti yetu Jocelyne tulipotezana mwaka ule — yeye upande wa Tanzania, mimi upande wa Rwanda. Tangu hapo kimya.

Ijumaa, 7 Juni
Nimefuta cha kwanza. Nimeweka cha pili.

Apolline alikaa kando. Nikaandika jina zima, mji, shule niliyofundisha. Ukurasa ukaleta watu ninaoweza kuwafahamu.

Uso wa kwanza ni wangu. Tai ya bluu, miwani yenye mkono uliofungwa uzi. Chini yake: Jocelyne.

"Mwizi," alisema Apolline. "Amekwiba sura yako, anadanganyia batu."

Si mwizi. Kwetu anayefiwa huondoa picha yake mtandaoni, akaweka ya marehemu.

Marehemu ni mimi.

Jumamosi, 8 Juni
Nimesoma ukurasa wote. Yuko Kigoma, ana watoto wawili. Baiskeli yangu ilikutwa kando ya mto Kanyaru, mpakani na Rwanda, wakahitimisha kuwa nimezama. Mwaka juzi walinifanyia kuganduka, sherehe yetu ya kumaliza matanga. Misa, viti vya plastiki, bia. Ladislas, tuliyefundisha naye, alinisifu kirefu. Nikiwa hai hakuwahi hata kunisalimia vizuri.

Nilicheka. Halafu nikazima simu.

Amemaliza kulia. Nimrudie ili mwezi ujao, au ule unaofuata, aanze upya? Leo nimemwambia Apolline yote, hata ya daktari. Hakulia. Alikunja kitenge chake polepole.

"Sasa unaona heri alilie maji ya Kanyaru kuliko alilie weye mwenyewe? Kilio ya kwanza haikukuwa na mwili, Papa. Hata sauti haikukuwa nayo. Umupe sauti."

Jumapili, 9 Juni
Baada ya misa nimeandika, katika kidirisha kile cha pembeni. Niseme nini asinidhanie tapeli? Nimeandika: "Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukilamba majivu ya jikoni, ukisema ni chumvi. Sikumwambia mama yako hata siku moja. Ni mimi, baba yako. Niko Nakivale. Mgonjwa, lakini niko."

Nikatuma. Apolline akafanya ishara ya msalaba kwa niaba yangu.

Jumatatu, 10 Juni
Jocelyne ameusoma ujumbe. Kimya.

Asubuhi yote sikula. Apolline anasema nimwache, mtu hawezi kupokea baba kama anapokea vocha.

Mchana nimefungua tena. Sura yangu haipo! Tai, miwani — vyote vimeondolewa. Duara la kijivu tu. Nilidhani amenifungia mlango. Apolline akaninyang'anya simu, akavaa miwani yangu, akatazama sana.

"Hapana, Papa. Hajakufukuza. Ametosha picha ya maiti, ameiondosha."

Narudia kuangalia. Kidirishani, chini ya maneno yangu, vitone vitatu vinacheza: anaandika. Vimetulia. Vinacheza tena —