Shairi la Kisima Chetu

Kambi ya Handaki, Uskoti
Tarehe 10 Juni, 1954

Dada yangu mpendwa Sorcha,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama. Natumaini goti lake limepata nafuu na yule ng'ombe mwekundu amezaa salama. Mimi nipo. Nakohoa, lakini nakula.

Katika barua yako ya Mei uliniomba nije tarehe tisa, sikukuu ya Mtakatifu Kolumba, niseme shairi la ukoo wetu tukikizunguka kisima chake kitakatifu, kwa kuwa Baba ametutoka na hakuna mwingine alijuaye. Sikuja. Nadhani jana mlikizunguka kisima kimya. Sababu nitakupa, ila kwanza nikueleze uchafu nilioushuhudia huku.

Jana hiyo nasi tulipewa mapumziko ya nusu siku kwa ajili ya sikukuu. Bwalo lilinuka mafuta ya kondoo na soksi mbichi, na kabla padri hajamaliza kubariki chakula watu wawili walishatapika mlangoni. Kisha nyapara wetu, Condy Boyce, akapanda juu ya benchi na utepe wa kijani kifuani. Huyu ni mtu wa mjini, hajawahi kuzunguka kisima peku hata siku moja. Akamwambia padri kwamba atasema shairi la kale la ukoo wake.

Lilikuwa letu, Sorcha. Mstari kwa mstari. Pale panapotajwa baba wa nyumba alimtoa Baba akamweka baba yake, muuza viatu. Na pale tunapomwomba mtakatifu awalinde wa nyumba yetu walio ng'ambo, alilitoa jina langu akajitaja yeye. Akalia, machozi ya bia. Packy, tunayelala naye chumba kimoja, akampigia kelele, "Condy, mzee wangu, punguza machozi, supu inazidi chumvi! Kwani kwenu mlikuwa na kisima au beseni?" Watu wakacheka. Padri hakucheka. Alimshika Condy mkono akasema kwamba nyumba yenye shairi kama hilo imebarikiwa. Nami nilipiga makofi pamoja na wengine.

Utauliza alilipata wapi. Alilipata kwangu. Mwezi wa Machi nilianza kutema damu kwa vumbi la mwamba tunaoutoboa handakini. Condy alijua nina shairi. Akasema angenitoa handakini aniweke stoo, nigawe taa na mabuti, mradi nimfundishe, na nisiliseme tena mbele ya mtu yeyote, hata nyumbani. Niliapa. Jioni nane nilimkaririsha kama mtoto wa darasa la kwanza, na kila alipokosea nilimsahihisha. Ndiyo maana sikuja. Condy ananichukiza, lakini najichukia mimi zaidi.

Leo asubuhi nilimrudishia ufunguo wa stoo. Aliniita mjinga, akasema handaki litanimaliza kabla ya Krismasi. Nikamwambia basi tumeachana, na kiapo nacho kimekwisha. Kesho nashuka tena handakini.

Kwenye karatasi ya pili nimeliandika shairi lote. Najua halijawahi kuandikwa, na najua watasema si kazi ya mwanamke. Waache waseme. Nenda kisimani Jumapili hii, usingoje mwaka mwingine, ulisome kwa sauti, na umtaje Baba mahali pake. Ukifika kwa walio ng'ambo, jina langu liruke; aliyeliuza shairi hastahili kutajwa ndani yake.

Mbusu Mama, wasalimie majirani wote wa Glen, na usimwambie Mama habari ya damu.

Ni mimi ndugu yako,
Manus