Zinki Kwenye Bustani ya Mama Mkwe

Mshauri mpendwa, nakuandikia nikiwa nimekalia kreti la soda kwenye stoo ya maabara, maana nyumbani sina tena pa kukaa, nisaidie. Mimi ni mpima udongo, kazi yangu ni kuuyeyusha kwa asidi na kupulizia maji yake kwenye moto wa mashine inayosoma mwanga na kutaja metali zilizomo hata zikiwa chembe, na siku moja kwa kutaka sifa nikapima bustani ya mama mkwe, zinki ikapanda hadi nikatoka jasho, nikamwambia, "Mama, usile tena mchicha huu," naye akang'oa kila kitu, akafunga nyumba, akahamia kwetu na kuku wake tisa, sasa yeye analala chumbani na mke wangu, mimi sebuleni na kuku, na hagusi chakula kabla sijakipima, kila asubuhi ananisogezea bakuli, "Baba, huu uji una zinki kiasi gani?" nami naukodolea macho kisha najibu, "Kidogo tu, Mama," halafu juzi nikagundua kwamba udongo ule niliuchota kwa koleo jipya lililopakwa zinki, bustani haina neno, mwenye zinki ni koleo langu, na mke wangu anamtambia kila mtu kwamba mumewe kamwokoa mamake, je, nikisema ukweli nitabaki na ndoa?

Mpima Udongo, Sebuleni

Mpima Udongo,

Pole kwa kuku. Pole yangu inaishia hapo.

Umechota udongo kwa koleo la zinki, ukashangaa kukuta zinki! Hukuchota mara ya pili, hukupima hata udongo wa jirani ulinganishe, ukakimbilia kutangaza. Haraka haraka haina baraka. Lakini kilichonikera zaidi ni uji. Koleo lilikuwa kosa, uji ni uongo, na unaurudia kila asubuhi. Wewe unaogopea ndoa, mama wa watu anaogopa kifungua kinywa.

Jumamosi mchukue yeye na mkeo mwende bustanini. Sema yote, koleo likiwa mkononi. Kisha chota udongo upya kwa kijiko cha plastiki, sehemu kumi, mama akikutazama, ukapime kama ulivyofundishwa, na majibu umpelekee hata yakikuaibisha. Mkeo atanuna. Mwache anune, ana haki. Udongo ukiwa salama, mbegu nunua wewe, matuta lima wewe, na kuku wabebe wewe kuwarudisha kwao.

Mchicha ukikomaa, fungu la kwanza ulile wewe, mbele ya mama mkwe, bila kulikodolea macho.